Pratinkoli watatu wa Sabaki: rekodi ilivyopimwa

"Pratinkoli mabawa meusi 3, Sabaki, sasa hivi." Ujumbe huo ulitoka mdomo wa mto Sabaki Jumamosi moja mwishoni mwa Machi, jua likielekea kutua, na kabla ya adhana ya maghrib ulikuwa umeshapita Watamu, Kilifi na Mombasa ukaingia Nairobi. Aliyeutuma ni kijana mwongozaji wa wageni wanaokuja kutazama ndege, mwenyeji wa hapa hapa Malindi. Aliambatisha picha moja: vivuli vitatu vyeusi juu ya anga la rangi ya chungwa. Hongera zikaanza kumiminika. Watu wawili waliokuwa Watamu wakapanga kufika alfajiri. Mzee mmoja, mwongozaji wa siku nyingi, hakumpongeza wala hakumkanusha. Alimpigia simu akamuuliza swali moja: "Mwanangu, ulikuwa umesimama wapi?"

Kisa hiki nimekifuatilia hadi mwisho wake kwa sababu picha zilipitia kwangu, na kwa sababu kilizua ubishi ambao bado haujaisha. Majina ya wahusika nimeyaacha, hayaongezi kitu.

Kwanza ndege wenyewe. Pratinkoli ni ndege wa jenasi ya Glareola. Ana miguu mifupi na mdomo mfupi mpana, mabawa yake ni marefu na yamechongoka, na chakula chake kikubwa ni wadudu anaowakamata angani. Akiwa ametua juu ya tope lililokauka unaweza kumpita hatua chache usimwone. Kwa Sabaki, mwishoni mwa Machi, kuna watatu wa kufikiriwa. Wa kwanza ni pratinkoli mwenye mkufu, Glareola pratincola, anayeonekana Kenya mwaka mzima, huzaliana kando ya maziwa na hutangatanga. Wa pili ni pratinkoli wa Madagaska, Glareola ocularis, asiyezaliana popote duniani isipokuwa kisiwa hicho. Akishalea makinda huvuka bahari akaja kwetu, na mdomo wa Sabaki ni moja ya sehemu zake kubwa kabisa, hukusanyika hapo kwa mamia na hata maelfu. Kwa kawaida tunamhesabu kuanzia Aprili hadi Septemba. Wa tatu ni huyu aliyetajwa kwenye ujumbe, pratinkoli wa mabawa meusi, Glareola nordmanni, anayezaliana kwenye nyika za Ukraine, kusini mwa Urusi na Kazakhstan, kisha hushuka hadi kusini mwa Afrika. Machi na Aprili huwa anarudi kwao, ila njia yake hupita bara, upande wa magharibi mwa Kenya. Kumwona pwani ni nadra.

Kwa hiyo wiki hiyo ya mwisho wa Machi kila jibu lilikuwa na kasoro yake. Mmoja mwezi unamfaa lakini mahali hapamfai. Mwingine mahali pake ndipo hapa, lakini mwezi wake bado. Na wa tatu hashangazi mtu, ndiyo maana hakuna aliyetaka awe yeye.

Kuna jambo la majira ambalo wasomaji wa bara huenda wakalisahau. Kule kaskazini ya dunia Machi ni mwanzo wa machipuko. Kwetu ni maleleji: kaskazi imechoka, kusi haijashika, joto limekaa, watu wanangoja masika. Lakini ndege walioko kwenye tope la Sabaki wanafuata kalenda ya kule waendako. Kitwitwi aina ya Calidris ferruginea, ambaye Januari yote alikuwa wa kijivu, Machi anaanza kupata mabaka ya rangi ya matofali kifuani, na kila mmoja yuko hatua yake. Wananenepa, wanahama makundi, wengine wanapita siku moja tu. Ndio wakati mtamu kuliko yote wa kukaa mdomo wa mto, na ndio wakati makosa ya utambuzi yanapozaana.

Turudi kwa swali la mzee. Sabaki unaingia baharini ukielekea mashariki. Ukishuka kutoka kwenye matuta ya mchanga ya kusini ukageukia bahari jioni, jua liko mgongoni na kila kitu unakiona vizuri. Ukigeukia juu ya mto, upande wa daraja la barabara ya kwenda Garsen, jua liko usoni. Kijana alikuwa amegeukia juu ya mto. Ndege walitokea kusini, wakapita kati yake na jua, wakaelekea upande wa Mambrui.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa chote. Ukiwa na pratinkoli anayeruka, vitu viwili ndivyo vinavyotenganisha aina hizi tatu: rangi ya chini ya bawa, na ukingo wa nyuma wa bawa. Mwenye mkufu ana rangi ya kutu chini ya bawa na mstari mweupe kwenye ukingo wa nyuma. Wa mabawa meusi ana weusi chini ya bawa na hana mstari mweupe. Wa Madagaska ana rangi ya kutu chini ya bawa, na yeye pia hana mstari mweupe. Kijana alikuwa na hakika kwamba hakuona mstari mweupe hata kwa mmoja, na kwa hilo sina shaka naye, maana mstari huo ukiwepo hung'aa hata dhidi ya jua, isipokuwa manyoya yamelika sana. Basi mwenye mkufu anaondoka. Lakini kati ya wawili waliobaki kinachoamua ni rangi ya chini ya bawa peke yake, na hicho ndicho kitu ambacho jua la jioni lilikificha. Bawa lolote ukilitazama dhidi ya mwanga ni jeusi. Hata la shakwe.

Mzee aliposikia jibu alisema, "Hao ni wa Madagaska, wamewahi." Wengine wakamjibu kwamba wa Madagaska Machi bado hajafika, kwa hiyo kwa kutoa na kubakisha, ni wa mabawa meusi. Angalia kilichotokea: pande zote mbili ziliacha kuzungumzia ndege zikaanza kuzungumzia tarehe. Mimi naamini kalenda inakuambia uulize maswali mangapi, lakini jibu haina. Na kalenda yenyewe imeundwa na watu waliokuwa wakitazama. Kama kila anayemwona ndege kabla ya Aprili ataambiwa amekosea kwa kuwa si Aprili, basi hatutakaa tujue wanafika lini.

Mifumo tunayotumia kuweka rekodi inaanzia kwenye kalenda hiyo hiyo. Ukiingiza ndege kwenye eBird, programu iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002, kuna kichujio cha eneo na mwezi. Ndege akiwa nje ya kinachotarajiwa unaombwa maelezo, na rekodi inakwenda kwa mhakiki wa kujitolea. Asiporidhika, rekodi inabaki kwenye orodha yako mwenyewe lakini haionekani kwenye ramani za wote. Kenya Bird Map nayo imeigawa nchi kwa vipande vya dakika tano za latitudo kwa dakika tano za longitudo, kama kilomita tisa kwa tisa, na aliye nje ya eneo lake hutiliwa alama vile vile. Kwa ndege wa nadra kabisa iko Kamati ya Ndege ya Nature Kenya, ambayo ndiyo inayotunza orodha rasmi ya ndege wa nchi hii, zaidi ya spishi 1,100. Nature Kenya ni jina la leo la chama cha historia asilia cha Afrika Mashariki kilichoundwa mwaka 1909, kwa hiyo mazoea ya kuulizana "una ushahidi gani?" hayakuletwa na simu.

Wanaoona uhakiki kuwa ni dharau huwa nawasimulia habari za Hastings. Kati ya mwaka 1892 na 1930 eneo hilo la kusini mwa Uingereza lilitoa ndege adimu kwa wingi usio wa kawaida, wengi wao wakipitia kwa mkaushaji ndege mmoja aitwaye George Bristow. Rekodi ziliingia vitabuni. Mwaka 1962 jarida la British Birds likachapisha uchambuzi, pamoja na hesabu za takwimu za John Nelder, ulioonyesha kwamba mkusanyiko ule hauaminiki, na rekodi zikafutwa kwa mkupuo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba baadaye baadhi ya aina zilizofutwa zilionekana kweli Uingereza, na watu wengine, kwa ushahidi safi. Ndege walikuwa wanawezekana. Kilichokosekana ni njia ya mtu mwingine kuhakikisha.

Jumapili alfajiri. Ilikuwa siku za bamvua, maji bado mengi, na ndege wote waliokuwa wametawanyika kwenye tope walikuwa wamebanwa kwenye kipande kimoja cha mchanga. Wageni wa Watamu walikwenda moja kwa moja kuelekea kipande hicho, na kundi zima likaruka: buabua, shakwe, vitwitwi. Mzee aliwafuata akawaomba wakae chini. Sioni aibu kusema kwamba hili ndilo lililoniudhi kuliko yote katika kisa hiki. Vitwitwi wanaojiandaa kuruka hadi Siberia kila gramu ya mafuta ina kazi yake, na kuwarusha wakati maji yamejaa, wakati hawana pengine pa kutua, ni kuwapunguzia akiba. Wenye kusambaza habari za ndege adimu wangeandika pia saa ya maji. "Njooni maji yakianza kupwa, msivuke matuta" ni maneno machache tu.

Walipokaa, ndege wakarudi, na ukingoni mwa mchanga, kwenye tope la rangi ya kahawa lililoletwa na mto, wakaonekana pratinkoli wametua. Teleskopu zikaelekezwa. Kichwa kahawia iliyoiva. Mstari mweupe unaoanzia chini ya jicho kwenda nyuma. Koo bila mkufu wowote. Kifua kahawia kinachoishia kwenye rangi ya kutu, kisha tumbo jeupe. Mmoja alinyoosha bawa moja juu ya mguu, kama wafanyavyo wakiamka, na chini yake ikaonekana kutu tupu. Madagaska, hakuna ubishi. Wageni wakapiga picha, wakaenda zao kumtafuta pipiti wa Malindi, Anthus melindae, kwenye nyasi za karibu na hapo, maana huyo ndiye anayewaleta wengi Sabaki.

Kwa watu wengi kisa kiliishia hapo: mzee amesema kweli, kijana amekosea, tuendelee. Mhakiki, dada mmoja wa Nairobi, akakataa. Ndege wa Jumapili ni ushahidi wa Jumapili. Walioonekana Jumamosi waliruka kuelekea kaskazini, na hakuna aliyewaona wakirudi. Kuwa na wa Madagaska mchangani asubuhi hakuondoi uwezekano kwamba jioni iliyotangulia walipita watatu wa mabawa meusi. Alitaka vitu viwili: picha zote za jioni ile, siyo ile moja, na zitumwe kama faili, siyo kama picha.

Hili la faili si urasimu. Ukituma picha kwa njia ya kawaida ya ujumbe wa simu, inabanwa ili isafiri haraka, na taarifa zake za saa na kamera zinafutwa. Ndege aliye mbali ana vidoti vichache tu vya rangi, na kubanwa kunaviunganisha na vya jirani. Rangi ya kutu iliyokolea inakuwa nyeusi bila mtu yeyote kudanganya. Picha iliyokuwa imezunguka pwani nzima Jumamosi usiku ilikuwa imebanwa, ikatumwa tena, ikabanwa tena.

Zilipokuja za asili, kwanza ziliongeza wasiwasi. Saa iliyoandikwa ndani yake ilikuwa saa kumi na dakika kumi jioni, wakati ambao jua bado liko juu, na anga la picha ni la kutua jua. Mtu mmoja akanong'ona kwamba huenda ni picha za zamani. Mhakiki hakunong'ona, alimpigia simu kijana. "Kaka, naomba uipige picha simu yako ikionyesha saa, kwa kamera ile ile, unitumie." Kijana akafanya hivyo, na kamera ikaonekana iko nyuma kwa saa mbili kamili. Alikuwa ameachiwa na mgeni Mwitaliano, na haijabadilishwa tangu hapo: bado ilikuwa inafuata saa za Italia. Ongeza saa mbili, unapata saa kumi na mbili na dakika kumi, jua linakaribia kuzama. Wasiwasi ukaisha kwa dakika chache, kwa sababu aliulizwa mwenyewe badala ya kusemwa.

Mfululizo ulikuwa na picha kadhaa. Kijana alichagua ile nzuri, yenye vivuli vitatu sambamba, akaacha zile mbaya. Katika zile mbaya iko moja ya mwisho, ndege wameshampita na yeye amegeuka kuwafuata, jua sasa liko nyuma yake. Wawili wametoka nje ya fremu, limebaki bawa la mmoja wao pembeni. Wa tatu yuko mdogo katikati, amelalia upande, na chini ya bawa lake kuna rangi. Ukikuza unaiona: kutu, kuanzia kwapani hadi karibu na katikati ya bawa. Mkia ni mfupi na umepinda kidogo tu katikati, hauna uma mrefu. Ni wa Madagaska.

Kisha likaja daftari. Kijana alikuwa ameandika papo hapo, kwa Kiswahili, kwa penseli: "Mkia mfupi kama umekatwa. Tako jeupe. Ukingo wa bawa hauna cheupe. Chini ya bawa nyeusi, jua mbele." Maneno mawili ya mwisho yalistahili kuwa kwenye ujumbe wa kwanza, na yangekuwepo kwenye fomu ya maelezo kama fomu hiyo isingekuwa ya Kiingereza. Alipoijaza alifupisha, akaandika chini ya bawa ni nyeusi, basi. Mtazamaji makini, aliyeona kikwazo chake mwenyewe na kukiandika, alionekana kwenye karatasi kama mtu asiyejua kwamba jua hudanganya. Nimeshasema kwa wahusika na nasema tena: maelezo ya uwanjani yapokelewe kwa lugha yaliyoandikwa. Anayehitaji tafsiri aitafute yeye.

Na nina jingine. Picha zile zile zingetumwa na mgeni mwenye lenzi kubwa, nadhani maswali yangekuwa machache. Zingetumwa na mzee wetu, pengine yasingekuwepo kabisa, na hilo nalo ni tatizo, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na jibu sahihi. Jioni ya Jumamosi mzee alisema "wa Madagaska" bila kuona picha, kwa uzoefu. Uzoefu huo naustahi sana. Hauwezi kuwekwa kwenye faili mtu akaufungua miaka thelathini ijayo.

Uamuzi wa mhakiki ulikuja umegawanyika: pratinkoli wa Madagaska mmoja, ameandikwa kwa tarehe ile ya Machi, wawili wengine wameandikwa kama Glareola, aina haikutambuliwa. Wa mabawa meusi, hakuna.

Mzee alikasirika kuliko kijana. Wanaruka pamoja, kundi moja, ukubwa mmoja, kwa nini mmoja apewe jina na wenzake wanyimwe? Alimpigia dada simu, na baada ya shikamoo na marahaba akamuuliza: "Hivi wewe ukiona watu watatu wanatoka msikitini, mmoja ukamjua, hao wawili utasema hujui ni dini gani?"

"Ami, dini yao naijua," akajibu. "Majina yao ndiyo siyajui."

Mimi niko upande wa dada. Pratinkoli wa aina tofauti huchanganyika safarini, na aliyeweka "watatu wa Madagaska" angekuwa anajaza kwa dhana nafasi mbili ambazo picha haikuzijaza. Mzee kwenye daftari lake ameandika watatu, na ni haki yake.

Kijana alinuna siku chache kwa kupokonywa ndege wa nadra, mpaka alipoambiwa kwamba tarehe yake ya Machi itasomwa na kila atakayetaka kujua wa Madagaska wanaanza kufika Sabaki lini, na kwamba wengi wanaofika mapema hawaandikwi kwa sababu hakuna anayewatarajia. Kamera ameirekebisha saa. Faili imehifadhiwa pamoja na picha zote, nzuri na mbaya, ukurasa wa daftari, na ile picha ya simu inayoonyesha saa. Wale wawili hawajafungiwa: waliruka kuelekea Mambrui saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, na mtu yeyote aliyekuwa ng'ambo ile akiwa na kamera, jua likiwa mgongoni kwake, picha yake itapokelewa hata ikiwa mbaya kiasi gani. Aitume kama faili.